Bati, shawa na invoisi: shajara ya mwaka mmoja Bombo

9 Februari 2025

Saa nane mchana. Nimetundika kipimajoto sebuleni, usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi: nyuzi 34. Nikakifunga kwenye ufito, nikakiinua hadi kikabakiza kiganja kimoja kugusa bati: 48. Nje, kivulini chini ya mwembe: 31. Yaani nyumba niliyoijenga hapa Bombo, Uganda, kwa kiinua mgongo changu inaniongezea nyuzi tatu juu ya zile anazopata mbuzi aliyelala chini ya mwembe bure.

Kilichonifanya nipime ni simu ya jana usiku. Dada yangu anaishi Waltham, Massachusetts, mji wenye Waganda wengi hadi matoke hayamsumbui kuyapata. Kwake tatizo ni baridi, na anachoma mafuta kupasha nyumba. Akaniambia, "Kaka, huku ukitoa hita ya mafuta ukaweka pampu ya joto, unarudishiwa pesa." Nikamuuliza anayerudisha ni nani. "Kampuni za umeme na gesi. Halafu serikali nayo inakupunguzia kodi." Nikacheka. Nilipozima taa usingizi haukuja.

Jeshini nilikuwa mtu wa mawasiliano. Kazi yetu ilikuwa kuandika saa, ujumbe, na nani kapokea. Basi nimefungua daftari. Kurasa za kushoto ni za nyumba yangu. Za kulia ni za karatasi za dada, maana ameniomba nimtunzie nakala. Anasema yeye akiweka karatasi mahali, hata malaika hawaioni.

Upande wangu kazi ni mbili: maji ya kuoga yanayomaliza Yaka (umeme wetu wa kulipia kabla), na bati linalotuoka mchana. Juu ya ukurasa wa kwanza nimeandika kwa kalamu nyekundu: NA SISI TUNARUDISHIWA NINI?

16 Februari

Upande wa kulia. Mkaguzi wa nyumba amefika kwa dada, bila malipo. Mpango wenyewe unaitwa Mass Save, unaendeshwa na kampuni za umeme na gesi za jimbo lile, na pesa zake zinatokana na tozo ndogo iliyomo ndani ya bili ya kila mteja. Kwa hiyo anayeomba anarudishiwa yake, na ya jirani aliyelala pia.

Mkaguzi alipanda darini akakuta pamba ya kuzuia joto imelala nyembamba kama blanketi la bwenini. Amesema dari lirekebishwe kwanza, na sehemu kubwa ya gharama hiyo mpango utaibeba. Nyumba isiyozibwa vizuri haipewi marejesho ya pampu ya nyumba nzima. Mashine baadaye.

Kisha dada akasema mashine yake itakuwa ya tani tatu. Nikamuuliza ukuta wa mbao utabebaje tani tatu. Alicheka mpaka simu ikakatika. Tani hiyo si uzito wa mashine. Zamani walipoanza kutengeneza baridi walipima kwa barafu: tani moja ni uwezo wa kuondoa joto la kutosha kuyeyusha tani moja ya barafu kwa siku nzima, ile tani ya Kimarekani. Ndiyo hiyo BTU 12,000 kwa saa tunayoiona kwenye kiyoyozi dukani.

Na pampu ya joto ni friji iliyogeuzwa. Nyuma ya friji yetu kuna joto, mke wangu hukaushia hapo soksi za watoto wakati wa mvua. Friji haikuliunda joto lile, imelitoa ndani ikalitupa nje. Pampu ya dada italivuta joto kutoka hewa ya nje, hata wakati wa baridi, na kulisukuma ndani. Kwa sababu inahamisha tu, yuniti moja ya umeme inaleta joto la yuniti mbili hadi tatu. Wakati wa kiangazi inageuza kazi, inatoa joto nje.

11 Machi

Mfungo. 34 tena sebuleni. Mama amehamia kibarazani tangu adhuhuri na hataki kuongea na mtu.

1 Aprili

Kuanzia leo waya ni wa UEDCL, kampuni ya serikali ya kusambaza umeme. Umeme Limited wamemaliza mkataba wao wa miaka ishirini jana usiku. Mtaani watu walijinunulia Yaka ya akiba kana kwamba kuna vita. Mimi nilinunua ya kawaida. Mita imeendelea kuhesabu, haijali bosi wake ni nani.

27 Aprili

Leo nimeipima shawa. Ni ile ya kichwa cha umeme inayopasha maji papo hapo. Kibandiko chake kinasema wati 4,500. Nilizima kila kitu isipokuwa friji, nikasoma kisanduku cha Yaka: 41.62. Binti mkubwa akaoga dakika kumi kwa saa ya ukutani (alilalamika kwamba sasa hata kuoga ni kwa amri). Kisanduku: 40.86. Yuniti 0.76. Kwa hesabu ya karatasi, 4.5 mara moja ya sita ya saa ni 0.75, iliyobaki ni friji.

Wanaooga maji moto hapa ni wanne. Mimi jeshi lilinizoesha baridi na sikuacha. Wanne mara 0.75 ni yuniti tatu kwa siku, tisini kwa mwezi. Mwezi uliopita tulitumia 170. Zaidi ya nusu ya umeme wa nyumba hii unaondoka na povu la sabuni kwenye mfereji.

Shemeji alikuwepo, akasema dawa ya joto la sebuleni ni kiyoyozi, tena kimoja tu. Nilimwonyesha daftari. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kinavuta kilowati moja na kidogo kompresa ikifanya kazi. Tuseme inapumzika nusu ya muda, saa sita kwa siku: yuniti mia moja kwa mwezi. Chini ya bati tupu hiyo kompresa haitapumzika nusu ya muda. Feni ya wati 55 kwa saa zilezile ni yuniti kumi. Shemeji akasema feni inazungusha joto. Ni kweli. Ndiyo maana lazima tuanze na joto lenyewe linaloingilia juu.

11 Mei

Jana nilidhani nimemaliza hesabu. Leo nimeirudia na imenitibua.

Nilikuwa nikizidisha yuniti tisini kwa bei moja. Bei si moja. Yuniti 15 za kwanza za mwezi ni shilingi 250 kila moja. Kutoka ya 16 hadi ya 80 ni 756 hivi kwa robo hii. Kutoka ya 81 hadi ya 150 inashuka hadi 412: hiyo ndiyo bei ya kupikia, iliyowekwa ili watu waache mkaa wapikie umeme. Ukivuka 150 unarudi 756.

Sasa, nikiokoa yuniti tisini kutoka 170, ninazoziokoa ni zile za juu. Ishirini ni za 756, na sabini zote ni za 412. Jumla 43,960, ongeza VAT ya asilimia 18, inakuwa 51,900 hivi. Nilikuwa nimeandika elfu themanini! Yaani ruzuku ya serikali ilikuwa tayari inaingia nyumbani kwangu kila mwezi, imejificha kwenye shawa, na mimi sikuijua. Ile bei ililengwa sufuria ya maharage. Kwetu imekuwa ya kuoshea vichwa.

Ukurasa wa kwanza, chini ya swali jekundu, nimeandika jibu la kwanza: yuniti ya 81 hadi ya 150.

Hii inanipunguzia hamu ya hita ya sola, lakini haiimalizi. Mama hatumii shawa ile, anaiogopa tangu ilipomtekenya vidole siku ya mvua. Yeye anachemshiwa kwa sigiri, na mkaa hauna bei ya kupikia.

24 Mei

Wiki mbili za kuuliza huku na huku. Nimepanda taksi mara mbili kwenda Kampala, mara ya pili tukakwama Bwaise saa nzima kwa maji ya mvua. Matokeo yaliyopatikana:

Fomu ya kurudishiwa pesa, ya mwenye nyumba kujaza baada ya kununua, kama ya dada, sikuipata. Ipo Uganda Energy Credit Capitalisation Company, na upo mradi mkubwa wa Benki ya Dunia wa dola milioni 638 ulioidhinishwa mwaka 2022 kwa ajili ya kufikisha umeme. Ila pesa za namna hiyo hupitia benki, SACCO na kampuni za sola, na shabaha ni kaya zilizo gizani, shule, vituo vya afya. Mtu mwenye mita, anayelia kwa sababu sebule ina joto, hayumo kwenye picha. Sina kinyongo. Nilikaa Karamoja miaka minne, najua giza ni nini.

Lakini mzee mmoja wa msikitini, mhasibu mstaafu, aliniuliza swali moja: "Afande, umesoma jedwali la misamaha?" Alimaanisha la Sheria ya VAT, lile la vitu visivyotozwa. Akanionyesha kwenye simu yake, kioo kimepasuka katikati lakini maandishi yanasomeka. Vimeorodheshwa hapo paneli za sola, taa za LED, halafu kwa maneno yake yenyewe: hita za maji za sola, friji za sola na majiko ya sola.

Hita ya maji ya sola. Haitozwi VAT.

Hayo ndiyo marejesho yetu. Ya dada yanakuja baada ya kulipa, kwa hundi. Yetu yanatakiwa yawe yamekwishatoka kwenye bei kabla hujafungua pochi.

14 Juni

Nimepokea kotesheni ya duka moja la Kampala, nililoelekezwa na fundi. Nainakili:

Hita ya sola, mirija ya vioo, lita 200: 3,400,000.
Paipu, viungio, vali na kazi: 600,000.
VAT asilimia 18: 720,000.
Jumla: 4,720,000.

Nilisoma mstari wa tatu mara tatu. Asilimia 18 ya milioni nne ni 720,000, sawa kabisa, hesabu haina kosa. Kosa ni kwamba VAT imepigwa juu ya kila kitu, na hita haitakiwi kuwemo. Paipu na kazi, sawa, hizo zinatozwa: 108,000. Iliyobaki, 612,000, haina msingi wa kisheria.

Nikapiga simu. Kijana wa mauzo, adabu nyingi, akaniambia, "Mzee, sistimu ndivyo inavyotoa." Nikamwambia sistimu inatoa ilicholishwa. Akasema atauliza.

21 Juni

Nimekwenda mwenyewe na nakala ya jedwali la misamaha, imepigwa mstari. Nilisubiri saa moja na robo kwenye kiti cha plastiki kando ya tangi la maonyesho. Akaja mama wa uhasibu, akaketi, akasoma, hakubishana hata kidogo. Akaigeuza kompyuta nione: kwenye orodha yao ya bidhaa za EFRIS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa URA, mamlaka yetu ya mapato, hita ile iliingizwa siku moja na vichwa vya shawa, ikapewa kundi lao. Kuanzia siku hiyo kila hita iliyouzwa ilitoka na VAT.

Nikauliza wateja waliotangulia wamefanyaje. Akasema, "Hakuna aliyeuliza."

Invoisi mpya: 3,400,000 bila VAT, 600,000 na VAT yake 108,000. Jumla 4,108,000. Nilipolipa niliomba risiti yenye msimbo wa EFRIS, nikaihakiki kwenye tovuti ya URA nikiwa palepale mlangoni, jua likiwaka kichwani. Namba ikakubali.

Usiku nimegawanya 612,000 kwa 51,900. Miezi kumi na moja na siku kadhaa. Mstari ule mmoja ulikuwa karibu mwaka mzima wa kuoga kwa familia hii. Mke wangu aliposikia akasema basi niwe nasoma na risiti za duka la nguo. Nimezibandika zote mbili, kotesheni ya zamani na invoisi mpya, ukurasa mmoja, zitazamane.

5 Julai

Upande wa kulia. Dada amepiga alfajiri yetu. Jana, sikukuu yao, Rais wao ametia saini sheria kubwa ya kodi, na ndani yake imo hii: nafuu ya kodi ya pampu za joto, ile asilimia 30 isiyozidi dola 2,000, inaisha tarehe 31 Desemba mwaka huu. Awali ilikuwa iendelee hadi 2032. Kulipa mapema hakusaidii, mashine iwe imefungwa na inafanya kazi ifikapo siku hiyo.

Mafundi wote wa mji wake sasa wamejaa. Aliyekuwa ampe Agosti anamwambia Oktoba. Pamba ya darini, Alhamdulillahi, imeshawekwa tangu Mei.

Tumepanga faili lake: ripoti ya mkaguzi, invoisi ya pamba, kotesheni ya pampu, cheti cha AHRI kinachoonyesha kwamba kifaa cha nje na cha ndani vimepimwa pamoja, na hakikisho kwamba modeli imo kwenye orodha ya mpango na fundi yumo kwenye mtandao wao. Nimemwamuru, kama mkubwa wake, apige picha za vibandiko vya mashine kabla hazijapandishwa ukutani. Baadaye vibandiko vinatazamana na ukuta.

20 Julai

Hita imepanda juu ya nyumba. Siku mbili za kazi badala ya moja.

Fundi kijana alitaka kuielekeza kaskazini, akishikilia kwamba ndivyo inavyofanywa. Kumbe video aliyojifunzia ilitoka Afrika Kusini. Bombo iko nusu digrii tu juu ya ikweta. Jua letu linapita kaskazini mwezi wa sita, kusini mwezi wa kumi na mbili, na katikati linatusimamia utosini. Upande haukuwa tatizo. Tatizo ni mwinamo: mtambo huu hauna pampu, maji yanayopata joto kwenye mirija yanakuwa mepesi, yanapanda yenyewe hadi kwenye pipa la juu, na yale ya baridi yanashuka kuchukua nafasi. Ukiulaza bapa, maji hayajui pa kwenda. Paa letu lilikuwa limelala mno, tumelinyanyulia fremu.

Cha pili sikukiona mimi wala fundi. Tangi letu la lita 1,000 lilikuwa chini ya pipa la hita kwa sentimita thelathini hivi, na hita ya aina hii hujazwa kwa mteremko tu. Tumefungua bomba, kimya. Tulisimama wote tukitazama juu kama watu wanaosubiri ndege. Fundi wa kuchomea aliongeza miguu ya stendi kwa 180,000, ambazo hazikuwa kwenye kotesheni yoyote na zimeingia daftarini kwa kalamu nyekundu.

Saa kumi na moja jioni Mama amefungua bomba la bafuni, akaweka kidole, akakitoa, akakirudisha. Akasema, "Haya hayana umeme?" Nikamwambia ni jua tu. Alikaa humo nusu saa.

3 Agosti

Wiki mbili na Yaka haijashuka ninavyotaka. Kabla ya hita tulikuwa tunakula 5.7 kwa siku. Sasa 5.3. Shawa ya umeme imeng'olewa, iko kwenye boksi, kwa hiyo yuniti zangu zinakwenda wapi?

Nilikaa na kisanduku cha Yaka usiku, nikizima swichi moja moja. Saa nne na nusu nikaipata. Ndani ya pipa la hita kuna elementi ya umeme ya wati 1,500, ya akiba kwa siku za mawingu, na swichi yake fundi aliiweka koridoni yenye taa nyekundu. Ilikuwa imewashwa. Binti mdogo anasema alidhani taa ile ni ya kuonyesha kwamba mashine iko hai, kwa hiyo kila ikizimwa yeye anaiwasha.

Namna ilivyotukamua ni hii: jioni watu wanaoga, maji ya baridi yanaingia kwenye pipa, elementi inayapasha usiku kucha. Jua likitoka linakuta pipa limeshachemka, halina kazi. Tumenunua hita ya sola ya milioni nne tukaipashia kwa umeme.

Nimebandika plasta juu ya swichi. Nimeandika kwa herufi kubwa: MUULIZE BABA.

17 Agosti

3.0 kwa siku. Plasta iko palepale.

6 Septemba

Sasa bati. Kwenye upande huu jedwali la misamaha halinisaidii. Ubao wa silingi, karatasi ya fedha na rangi vyote vina VAT yake, hakuna aliyeikumbuka silingi. Nimelipa kama raia yeyote.

Nimeanza na matundu ya hewa juu ya madirisha, ventileta tunavyoziita. Mwaka 2014 niliziziba kwa saruji kwa ajili ya mbu. Leo fundi amezichimbua kwa patasi. Ya kwanza ilikuwa na kiota cha nyigu, mirija mitano ya udongo iliyokauka, imepangwa kama filimbi. Hewa iliyotoka ilipobomoka ilikuwa ya moto. Niliweka mkono nikauhisi mkondo wake unapita juu ya vidole kwenda nje. Miaka kumi na moja joto lile lilikuwa linatafuta mlango. Tumeweka wavu wa mbu wa chuma badala ya saruji.

20 Septemba

Karatasi ya fedha imetandazwa chini ya bati la sebule, imeachiwa nafasi ya hewa, kisha silingi. Fundi alitaka kuigandisha kwenye bati moja kwa moja, akidai itashika vizuri. Nilikataa. Bati linatupa joto chini kama jiko linavyomchoma aliyekaa mbali nalo, na karatasi inalirudisha kwa kung'aa kwake. Ikigusana na bati inakuwa sehemu ya bati.

Nimebakiwa na pesa ya chumba kimoja tu. Cha Mama kitasubiri. Yeye anasema ana kibaraza.

19 Oktoba

Upande wa kulia. Pampu ya dada imefungwa, inafanya kazi. Tani tatu, dola 19,800. Marejesho ya mwaka huu ni dola 3,000 kwa tani, kikomo 10,000, kwa hiyo yeye ni 9,000. Nafuu ya kodi inahesabiwa juu ya kinachobaki, 10,800, na asilimia 30 yake ni 3,240, ila kikomo ni 2,000. Hiyo ya kodi haimpi pesa zaidi ya kodi anayodaiwa mwenyewe, na ataidai mwakani kwa fomu 5695. Fomu ya marejesho imetumwa leo.

Anasema mashine haina sauti. Usiku wa kwanza aliamka mara mbili kwenda kuigusa kama inapumua.

15 Novemba

Ombi lake limerudi: modeli iliyo kwenye invoisi hailingani na cheti. Fundi wake hapokei simu.

Tulikaa kwenye simu, kwake saa nane mchana, kwangu saa nne usiku. Nikatoa picha za vibandiko za Oktoba, nikamsomea kibandiko cha kifaa cha ndani herufi moja moja, kijeshi, na yeye anafuata kwa kidole kwenye invoisi. Tulipofika herufi ya mwisho nikasema, "Bravo," yaani B. Kimya. Akasema, "Kaka, hapa wameandika Delta."

Herufi moja, dola elfu tisa. Kesho anakwenda ofisini kwa fundi kudai invoisi iliyosahihishwa, na haondoki bila karatasi.

28 Desemba

Saa nane mchana, kiangazi kimeanza. Chini ya mwembe 30. Sebuleni 29. Niliita watu waje waone. Mke wangu akasema yeye aliijua tangu Oktoba, hakuhitaji mshale. Mbuzi sasa anatuonea wivu.

Yaka ya mwezi: yuniti 84, pamoja na feni. Siku sita za mawingu niliivua plasta.

Hundi ya dada imefika siku ya Jumanne, 9,000. Leo asubuhi amenitumia shilingi 900,000 kwa simu, na ujumbe: za silingi ya Mama, na nimtumie invoisi aisome yeye mwenyewe, mstari kwa mstari. Fundi anakuja Jumatatu kupima. Kipimajoto nimeshakitoa sebuleni, nimekitundika kwa Mama juu ya kitanda. Kinasoma 35, na yeye yuko kibarazani.